Mama Rafaeli wa Mitwero

Jumanne, 3 Juni 2025

Miguu imevimba tena. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Daktari amesema moyo umechoka, akanipa vidonge vya kupunguza maji mwilini, akaniambia nikapumzike nyumbani. Nimefundisha watoto kusoma tangu ujana wangu. Najua pia kusoma uso wa mtu anayeniaga.

Umi, jirani yangu, ameleta uji wa mtama. Nimekunywa nusu. Nikamwomba anishushie albamu kutoka juu ya kabati, zote. "Zote za nini, mama? Utazimaliza leo?" Ameziweka kitandani, akapiga chafya kwa vumbi, akarudi kwake kuanua nguo.

Hakuna hata moja iliyo ya kwetu. Hili sijapata kuliandika popote. Kwetu Newala picha zilikuwa mbili tu, na zote ziliungua na nyumba. Hizi ni za watu. Nyingi ameniletea Shamte, fundi seremala wa sokoni. Hununua makabati ya zamani, akayakwangua na kuyauza upya. Watu wakiuza kabati la marehemu hutoa vyombo, hutoa mashuka — droo ya chini wanaisahau. Au hawaisahau. Wengine siku hizi hawataki sura za watu ndani ya nyumba, na kuzichoma wanaogopa. Basi zinaondoka na kabati. "Mwalimu, nimekuletea jamaa zako," husema Shamte mlangoni. Anatania.

Alhamisi, 5 Juni

Mchana kutwa na albamu. Ile ya jalada la maua, iliyotoka Kilwa Masoko: bibi harusi amekaa kitandani, hina hadi kwenye viwiko, haitazami kamera. Wanaume watano, kila mmoja na picha yake, pikipiki ni ileile. Mtoto mmoja wa kike yumo kila ukurasa hadi katikati, kisha hayumo. Nimejiuliza miaka. Alikufa? Au alikua, akakataa kupigwa picha?

Zamani nilidhani nimegundua undugu. Kiti kilekile, saa ileile ya ukutani, kwenye albamu za familia tofauti. Nikawachorea ukoo: huyu shangazi, yule shemeji. Hadi siku nilipotazama mishale ya saa. Iko palepale kwenye picha zote. Ni saa ya studio, mbovu, ya mapambo. Nilicheka peke yangu nikakohoa. Halafu nikasikitika, maana nilishazoea kuwa ni ndugu.

Nyuma ya picha ndiko ninakopenda zaidi. "Ukumbusho kwa dada Zuhura. Unitazame kila siku kama nami nikutazamavyo." Anayemtazama sasa ni mimi.

Picha ya ukutani sijaishusha. Kijana wa miaka kumi na miwili hivi, shati jeupe, mshumaa mkononi, sikio moja limejitokeza kuliko jingine. Nyuma imeandikwa: "Rafaeli. Kipaimara, Kipatimu, 1974." Amekunja uso kama mtoto aliyeambiwa acheke. Wanafunzi wa namna ile ndio niliowapenda. Nikamtia fremu.

Umi alipohamia hapa Mitwero aliiona, akauliza ni nani. Nikajibu, Rafaeli. Ndilo jina lake. Kesho yake nafagia uwanja, nasikia sauti upande wa pili wa uzio: "Mama Rafaeli, umeamkaje?" Huku kwetu mwanamke mtu mzima haitwi jina lake, huitwa kwa mwanawe. Mimi nimekuwa Mwalimu maisha yangu yote, na Mwalimu ni kazi. Nilisimama na ufagio mkononi.

Nikaitika.

Mtaa mzima ukafuata. Dukani, kisimani, hadi kwenye jumuiya ya kanisani. Wakiuliza yuko wapi, nasema yuko mbali. Sikuona kuwa ni uongo. Sikujua alipo, na popote alipokuwa ni mbali na mimi.

Jumapili, 8 Juni

Sikwenda kanisani, miguu imekataa. Umi ameleta nyama ya Idi, ameikata vipande vidogo kama vya mtoto. Nikala viwili. Hakuondoka. Alikaa anakunja na kukunjua ncha ya kanga.

"Nimefanya jambo, mama. Usinigombeze."

Ameipiga picha ile ya ukutani kwa simu yake, mbele na nyuma — "nami nasoma, usinione hivi" — akairusha kwenye kundi la WhatsApp la wanawake wa Kilwa. Anatafutwa Rafaeli aliyepata kipaimara Kipatimu mwaka huo. Mama yake mzazi anaumwa sana, yuko Mitwero, Lindi. Wenzake nao wameirusha mbele.

"Kakosa mengi, sawa. Lakini mwana hawezi kukosa kutia udongo kwenye kaburi la mama yake. Nani atatia? Mimi?"

Nikasema ahsante. Ndilo neno lililotoka.

Jumatatu, 9 Juni

Simu ya Umi ikilia kule kwake, natega sikio. Mpaka jioni, hakuna kitu. Nimemshukuru Mungu. Kisha nikaona haya kumshukuru kwa jambo kama hilo.

Jumatano, 11 Juni

Amepatikana.

Umi ameingia mbio, kanga imemwanguka kichwani hakujali. Ni Rafaeli Likwata, mzee sasa, ana wajukuu na michungwa hukohuko Kipatimu. "Amelia kwenye simu, mama. Mwanaume mzima!" Alikwenda Kilombero kukata miwa akiwa kijana. Aliporudi akaambiwa mama yake ameachana na mume, amekwenda pwani. Pwani ipi, hakuna aliyejua. Akamtafuta Kilwa Masoko, akamtafuta Somanga, mwisho akakata tamaa. Lindi hakufika. Umi naye alikuwa analia. "Kumbe mlipotezana, na miaka yote hukunieleza."

Sasa niandike lile lenyewe.

Mama yake ni Katarina, ndivyo zilivyoandikwa picha zake nyuma. Amekufa, yapata miaka tisa. Kabati la albamu yake, ile ya jalada jeusi nilimotoa picha ya Rafaeli, lilitoka Rasbura, hapa Lindi, kwenye chumba cha kupanga, na mwenye nyumba alimwambia Shamte kuwa marehemu hakuwa na mtu. Nililitafuta kaburi lake, siku hizo miguu ilikuwa miguu. Msalaba wa mbao, rangi inabanduka. Mimi nilijua ana mtu. Nilikuwa na jina la mwana, parokia, mwaka. Barua moja kwa padre wa Kipatimu ingetosha — na nani aliyeandika barua kwa wazazi kunishinda mimi? Sikuandika. Ningeandika wangekuja kuchukua albamu. Wangechukua na picha. Ningebaki naitwa nani?

Na sasa kuna mtu analia kwa furaha kule milimani kwa sababu mama yake yu hai.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwambia Umi. Polepole, kama darasani. Rafaeli si mwanangu. Sikuzaa. Albamu zote hizi ni za watu nisiowajua, kamuulize Shamte.

Akanishika paji la uso. "Vidonge hivi," akasema.

Nikarudia.

"Na Shamte fundi makabati atajua nini habari za uzazi wako?" Akanieleza habari ya bibi yake wa Mtama, ambaye siku za mwisho alimkana bintiye mbele ya wageni, akamwita mwizi wa kuku. Aliiga hadi sauti. Nikacheka, Mungu anisamehe, tukacheka wote wawili. Akanifunika shuka hadi shingoni.

"Pumzika, Mama Rafaeli. Mwanao yuko njiani."

Ijumaa, 13 Juni

Padre yuko vigangoni, kwenye makanisa ya vijijini, hadi wiki ijayo. Amekuja Erasmo, katekista, na komunyo. Nikamwambia siwezi kupokea kabla sijasema jambo. Akasema yeye si padre. Nikasema najua, sikiliza tu kama mtu.

Alisikiliza vizuri, kichwa ameinamisha, hakunikatiza hata mara moja. Nikafika hadi Katarina, hadi msalaba wa mbao. Nikadhani ameelewa. Nilihisi kifua kikipungua uzito.

Akasema: "Mama Rafaeli, mtoto kukaa miaka yote hiyo mbali na mzazi wake ni kosa kubwa. Una haki ya kusema mama yake alishakufa, maana ndivyo alivyokufanya ujione. Lakini usimkane. Msamehe, ufe salama."

Tukasali. Tulipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, akanibana mkono.

Sikupokea. Akaenda amehuzunika. Umi alimsindikiza hadi barabarani, nawasikia wananong'ona. Nimekuwa mama mwenye moyo mgumu sasa. Hata huo umama wananipa.

Jumamosi, 14 Juni

Nikafikiri: yuko mtu mmoja ambaye hawezi kutoniamini. Yeye mwenyewe. Anamjua mama yake. Nimwambie jina la mama yake, nimwambie kaburi lilipo, asije kwa matumaini ya bure. Asubuhi yote nimeitengeneza sentensi. Mama yako Katarina amefariki, mimi ni mtu mwingine, nisamehe. Fupi. Haina mahali pa kujificha.

Umi akapiga, akanipa simu, akatoka nje ili tuwe peke yetu.

Sauti nzito ya mkulima, jogoo nyuma yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Usiseme sana, utachoka. Kesho alfajiri nashuka Njia Nne kupanda basi. Mama... sikukutupa. Nilikutafuta."

Ilikuwa zamu yangu. Kimya kizuri, laini safi, namsikia anavyopumua.

Nikasema: "Najua, baba. Njoo."

Umi amerudi, akauliza mbona mmemaliza upesi. Nikasema mtandao umekatika.

Mtandao haukukatika.

Jumapili, 15 Juni

Nimemwomba Umi anikalishe kwenye kiti cha mikono na anipe albamu ya jalada jeusi. Nimeifungua kwenye picha ya Katarina akiwa peke yake, amesimama mlangoni Rasbura, kichwa amekiinua, anacheka. Umi ameitazama akasema ulikuwa mrefu, mama. Mimi ni mfupi, hata ujanani.

Amefika alasiri kwa bodaboda, gunia la machungwa begani. Umi alipiga vigelegele vya peke yake hadi majirani wakachungulia. Akaingia. Mvi tupu, mgongo umeinama kidogo, na sikio lilelile limejitokeza. Ningemtambua sokoni katikati ya watu.

Akasimama mlangoni. Hakusogea. Mtoto hata azeeke vipi, uso wa mama yake haukosei. Nikaona furaha ikiondoka usoni mwake taratibu, kama maji yanavyonyonywa na mchanga. Umi hakuona, alishakimbilia jikoni kuwasha moto wa chai.

Nikamnyooshea albamu.

Alitazama muda mrefu. "Lini?" akauliza.

Nikamwambia. Mwaka, chumba cha Rasbura, msalaba wa mbao, na kwamba Shamte anaweza kumpeleka kesho. Kisha nikamwambia na yangu: jinsi nilivyoulizwa jina, jinsi nilivyoitwa, kwamba ningeweza kumwandikia na sikutaka. Jana kwenye simu pia. Sauti yangu ilitoka vizuri, jambo la ajabu.

Amekaa kwenye kigoda cha Umi, magoti yamemfika kifuani. Anafungua kurasa, analowesha kidole kwanza. Mimi naandika ili nisimtazame. Gunia liko mlangoni, halijafunguliwa. Sijui kama atalala hapa. Sijui kama atamwambia Umi, na Umi akijua, kesho nani ataleta uji. Nilitaka kuandika kwamba sijali. Najali.

Amefika pale alipo mchanga mgongoni kwa mama yake, anaonekana kisigino kimoja tu. Amekigusa.

"Mama Rafaeli!" Ni Umi, kutoka uani. "Sukari umeiweka wapi?"

Imo kwenye kopo la maziwa, rafu ya chini. Naiandika hapa tu.

"Mama Rafaeli!"

Amegeuza ukurasa.

"Mbona huitiki?" ameuliza, macho kwenye picha. "Unaitwa."