Ukuta wa Chumba cha Mama

Jumatatu, 7 Oktoba
Dukani hadi saa tisa, kisha Chemchem kuona nyumba ninayojenga. Kuta zimefika usawa wa madirisha. Kibali cha ujenzi kimebandikwa ubaoni ndani ya nailoni, maana Fundi Melkiori hataki kiguswe na vumbi. Mtu huyu wa Ulyankulu ananichosha kwa utaratibu wake. Kila safu ya tofali lazima apige pima maji. Nimemwambia mvua haisubiri pima maji. Mama amechoka na chumba cha kupanga mtaa wa Ng'ambo, magoti hayamfikishi tena choo cha uani. Nilimwahidi atahamia kabla ya mvua.

Jumanne, 8 Oktoba
Balaa. Fundi alikuwa akichimba shimo la mti wa jukwaa, upande wa chumba cha Mama. Jembe likagonga zege. Bikoni ya mpaka. Sisi tulipima kuanzia ua wa minyaa wa jirani, kama kila mtu hapa anavyopima. Kumbe jirani alipanda minyaa yake ndani ya kiwanja chake, hatua nzima kutoka mpakani. Mchoro uliopitishwa na manispaa unataka mita moja na nusu kati ya mpaka na ukuta. Tunayo nusu mita. Fundi ameweka mwiko chini. Anasema ukuta ubomolewe pamoja na msingi wake.

Nimemwambia aifukie hiyo bikoni.

Alhamisi, 10 Oktoba
Hajafukia. Hajajenga. Anakuja asubuhi, anamwagilia kuta, anapanga matofali, anakaa. Jirani yuko Mwanza, miaka hajakanyaga hapa. Nani ataona? Mkaguzi wa manispaa akija kukagua lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, atatazama lenta. Nimeyasema hayo kwa sauti hadi wapita njia wakasimama. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. Nikazidi kukasirika.

Ijumaa, 11 Oktoba
Nimepata fundi mwingine, wa Ng'ambo. Anaahidi siku tano tu, lenta imefungwa. Mkaguzi, anasema, ni wa kuongea naye. Fundi huyu ni mcheshi, mwepesi. Hakutaka hata kuuona mchoro.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nilikwenda kumwachisha kazi Melkiori. Maneno niliyapanga njiani. Nilimkuta kwenye chumba cha Mama, amesimama dirishani. Akaniita nitazame. Jirani naye akijenga, alisema, dirisha hili litatazama ukuta, na bibi mwenye chumba hewa ataipata wapi? Kisha akasema taratibu:

"Kosa la kupima ni langu, mama. Leo tukibomoa, tunabomoa ukuta. Wakija wa manispaa kesho watabomoa nyumba, na bibi yumo ndani."

Nililia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nikamwambia abomoe.

Jumatano, 16 Oktoba
Anabomoa mwenyewe. Matofali anayatoa mazima, moja moja, anayakwangua udongo, anayapanga upya. Sijawahi kuona mtu akiivunja kazi yake mwenyewe kwa adabu namna hii. Nimepeleka mchoro uliorekebishwa manispaa. Chumba cha Mama kimepungua mita moja. Nilimweleza Mama nikiogopa. Akauliza kama kitanda kinaingia. Kinaingia. Basi, akasema, akarudi kwenye tasbihi yake.

Jumatano, 30 Oktoba
Mvua ya kwanza. Nyumba haina paa. Mama yuko Ng'ambo bado. Ahadi nimeivunja, na inauma.

Jumanne, 5 Novemba
Mkaguzi amekuja kukagua lenta. Binti mmoja, buti zimejaa tope. Alikwenda moja kwa moja kwenye bikoni, akavuta futi ya kupimia hadi ukutani. Mita moja na nusu, na vidole viwili zaidi. Lenta ikapita. Kisha akauona mfereji wa msingi wa zamani, akauliza ulikuwa wa nini. 

"Nilikosea kupima," Fundi akasema. "Mwenye nyumba ndiye aliyeamua tubomoe."

Mkaguzi akanipa mkono. Akasema wenye nyumba wa namna yangu ni wachache. Nilimtazama Fundi. Alikuwa akiosha mwiko wake, hamtazami mtu. 

Mkaguzi alipoondoka, Fundi alipanda jukwaani kumalizia safu za juu. Nilivua viatu, nikawa nampa matofali hadi adhana ya alasiri.