Neema na Baba Yake Maktabani

Ijumaa, 3 Oktoba
Nimetoka shifti hospitalini, miguu imevimba. Nimepiga pasi magauni mawili ya kuazima, marefu, vifungo hadi kooni. Wikendi hii tunaigiza familia ya enzi za Malkia Viktoria, ndani ya maktaba ya nyumba moja ya makumbusho. Mwenzangu wa kazini anajitolea huko. Aliniomba, nikakubali upesi mno. Sikuwaza kwamba Neema na baba yake hawasemeshani. Binti yetu ana miaka kumi na saba, anataka chuo cha mbali, Leeds. Baba anasema hata hapa Birmingham vyuo vipo. Nimechoka kupeleka ujumbe kutoka jikoni hadi sebuleni.

Jumamosi, 4 Oktoba
Wamekuja wote wawili. Chumba kizuri. Rafu hadi darini, moto kwenye meko, harufu ya majalada ya ngozi. Baba Neema kapewa kiti kikubwa na kazi ya kusoma kwa sauti. Mimi kushona. Neema kusikiliza. Simu tumeziacha ofisini. Wageni wa makumbusho wakitoka, hao wawili bado hawasemeshani. Baba alisoma mpaka sauti ikakwaruza. Neema akamsogezea maji bila kumtazama. Akanywa. Angalau.

Jumapili, 5 Oktoba
Mchana chumba kilijaa. Bibi mmoja akamuuliza Neema kama msichana wa zama hizo angeenda chuo.
Neema akamjibu kwa Kiingereza chake cha hapa: baba ndiye anayeamua, na bado hajaamua.
Watu wakacheka, wakadhani ni igizo. Mimi nilijichoma kidole kwa sindano ya kushonea. Wote wakamgeukia Baba Neema. Akafunga kitabu. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia.
Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, "Ataenda. Lakini nyumba itatupwaya."
Wageni wakangoja tafsiri. Hakuna aliyewapa. Neema, anayetujibu kwa Kiingereza tangu chekechea, akasema, "Asante, Baba." Akageukia rafu, akajifanya anapanga vitabu. Nilitaka kumshika. Nikaendelea kushona, vibaya.

Jumatatu, 6 Oktoba
Siendi kazini leo. Mvua. Magauni nimeyarudisha. Wale wawili wako mezani, wanatazama mabweni ya Leeds kwenye simu ya Neema. Baba anauliza kama vyumba vina hita. Anauliza tena. Neema anamjibu kwa Kiingereza, bila haraka. Hakuna aliyeniita. Nimejimiminia chai, nimekaa dirishani. Nimefurahi.