Mchezo wa Msafara

Tabora, 9 Machi 1968

Kaka Abbasi, shikamoo. Mama hajambo, na mguu umepoa.

Ule mchezo wetu wa Jumamosi, wa kujifanya msafara wa zamani kutoka Ujiji, umeleta maneno. Tulikubaliana kila mtu achague awe nani, mpagazi au mpishi, ila mtumwa asiwepo, maana sasa tuko huru. Tatu, mwenzetu mchezoni, akauliza taratibu, "Bibi yangu alipita njia hii amefungwa kamba. Mkimtoa yeye, mimi nicheze nani?"

Tumemruhusu. Lakini mwenye msafara siku zote ni mimi, nikivaa kofia ya babu, aliyewahi kuwa na msafara wa kweli, na juzi nilishindwa kuivaa.

Wewe ulimkuta babu hai. Msafara wake ulibeba nini? Usimwulize mama.

Mdogo wako,
Twalibu