Wasichana wa Zuwena Wametoka Nje

Wifi yangu Zuwena,

Hatujambo huku Maskat, na leo nnakwandikia bila kulia. Au kidogo tu.

Serikali imebadilika, wifi. Mtaa mzima umeshika brashi. Kuta ambazo mwaka jana tuliogopa hata kuzitia chokaa, leo zina bendera, maua na maneno ya kushangilia. Jirani yetu kachora motokaa, na baiskeli hana.

Mimi roho yangu ilikuwa kwenye ile picha yako ya ukutani stoo. Ulikuja kutoka Unguja mwalimu mzima, ukakuta huku hamna skuli ya wasichana. Basi ukachanganya chokaa na buluu ya kufulia, ukachora wasichana wenye vibao wakienda skuli, wote wametupa mgongo, maana mama yenu hakutaka nyuso. Nikakutania kwamba pua ndizo zilizokushinda. Kaka yako Salum, mume wangu, alipoiona alifunga mlango wa stoo. "Nna watoto mie, Zuwena. Ifute." Hukuifuta. Uliisimamishia magodoro mbele, na mume wangu akajifanya haijui mpaka ulipotutoka.

Sasa nikamwambia nataka kuichora tena kwenye ukuta wa njiani. Akakataa. Alisema leo ruhusa, kesho hatujui, na watu wamefungwa kwa madogo kuliko hayo. Tukanuniana, chai nikawa namwekea bila neno. Asubuhi moja nikabeba ndoo yangu nikatoka. Wasichana wangu wamepinda, ungecheka mpaka ukae chini. Wapita njia wakaniuliza wanakwenda wapi, nami nikawajibu kwa sauti: skuli. Nilifurahi, wifi, siwezi kukuficha.

Salum akatoka, akasimama nyuma yangu. Nikajua anakuja kufuta. Akanichukulia brashi mkononi.

"Mbona hawana mwalimu?"

Akamchora mbele yao, mrefu kuliko wote, buibui limevimba kama mtungi. Alipomaliza akawageukia watu waliokusanyika, akawaambia, "Huyu dada yangu." Kisha akalia pale pale, mchana, njiani.

Binti yetu Thuraya tumeshamwandikisha skuli mpya ya wasichana. Anaanza Jumamosi.

Nakuaga, wifi, Mola akuweke pazuri. Nakuahidi kila Idi nitautia chokaa ukuta mzima, na wewe na wasichana wako nitawazunguka nisiwaguse. Na kila asubuhi Thuraya hatakwenda skuli mpaka akuamkie wewe, mwalimu.

Wako, Rayya