Vikinga Masikio Chini ya Mtandio

Jumatatu, 2 Februari

Tumefyeka nyasi kando ya barabara ya Gerik tangu asubuhi. Mashine begani, jua kichwani. Nimerudi, nimezima hata feni, na bado kelele ipo. Nyenje! Mmoja kila sikio. Hawa hawalali.

Pamba niliyochomeka masikioni imetoka nyeusi. Dada Rokiah, mwenzangu wa kufyeka, alinicheka mbele ya wote: pamba ni ya maiti, Biah, na wewe bado unakula!

Ijumaa iko mbali. Mume wangu, Abang Baharin, hupiga simu siku hiyo tu, meli yao ya kuvuta matishari ikiwa imetia nanga Bintulu. Aliondoka kabla matunda ya durian hayajaiva. Sauti yake ni ya chini, ya taratibu, kama mtu anayeongea na paka. Naitaka. Basi.

Ijumaa, 6 Februari

Amepiga! Baada ya Magharibi tu. Nilibana simu mpaka sikio likauma. Neno moja nalipata, mawili yananipita. Nimesikia "kapteni". Nimesikia "Idi". Kisha maneno marefu, kisha kimya — ananingoja.

Nikasema: Ndiyo, Abang. Sawa.

Akauliza tena kitu.

Nikasema: Ndiyo, bila shaka!

 Halafu akaniambia nijitunze. Hilo nimelisikia vizuri.

Mbona sikumwomba arudie? Kwa sababu wiki iliyopita nilimwomba, na ya kabla yake. Akijua masikio yananiharibikia atasema acha kazi. Na nikiacha, nitakaa vipi na nyumba hii mchana kutwa? Mto wake bado nauanika juani, kana kwamba mtu anaulalia.

Jumapili, 8 Februari

Ujumbe kwenye simu. Abang si mtu wa kuandika, kwa hiyo nilifuta mikono kwanza kabla ya kuufungua.

Anashukuru nimemwelewa. Kapteni amefurahi. Wamemwongezea miezi sita. Idi itamkuta baharini. Mwisho kabisa: nilidhani utakataa.

Nilidhani utakataa!

Nimeusoma nimesimama. Nimeusoma nimekaa. Alitaka nikatae? Au aliogopa nitakataa? Maandishi hayana sauti, huwezi kujua.

Nimekula wali wa jana na kipande cha samaki wa kuchachusha. 

Sijamjibu. Niandike nini — kwamba nilisema ndiyo kwa jambo nisilolisikia? Haya hayaandikiki. Nataka nimwambie kwa mdomo, na nimsikie akinijibu. Kwanza niwe na sikio la kumsikia.

Jumatatu, 9 Februari

Nimemfuata Bwana Fauzan, msimamizi wetu, kabla mashine hazijawashwa. Nimeomba kinga ya masikio. Wala hakubisha. Alifungua sanduku nyuma ya gari: zimejaa, nyingine bado ndani ya nailoni! Akasema zinaozea humo, dada, nyie wenyewe hamzitaki.

Mzee Deris, anayefyeka tangu sijaolewa, akapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara:
"Nini? Anataka nini huyo?"
"Masikio!" Rokiah akamjibu.
"Mimi sina ya kumpa!"

Tulicheka sote. Kisha tukaacha kucheka, maana yeye alikuwa bado anauliza, "Nini? Mnasemaje?"

Nimeanza na vizibo vya sponji. Unavisokota, unachomeka, vinavimba ndani. Kimya kitamu! Lakini kila mapumziko unavitoa, na mikono imejaa mafuta na vumbi, halafu unavirudisha hivyo hivyo. Jioni masikio yanawasha kama yamepakwa pilipili.

Jumanne, 10 Februari

Leo vile vya vikombe, vyenye upinde wa kupita utosini. Nilivivaa juu ya mtandio. Balaa! Upinde unagombana na helmeti. Kitambaa kimejikunja chini ya vikombe na kelele inapenya hapo kama maji kwenye paa bovu. Nikakaza. Kufika mchana kichwa kinapasuka, jasho linachuruzika shingoni.

Rokiah: "Sikio ni kama mume, mdogo wangu. Ukilibana sana litakukimbia."

Ameolewa mara tatu, anajua. Lakini wangu sikumbana. Wangu nilimwambia sawa, nenda.

Nyenje wamerudi nami nyumbani.

Alhamisi, 12 Februari

Nadhani nimepata. Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na vya upinde unaopita nyuma ya shingo. Vikombe vyembamba, vyepesi. Rokiah alinishikia turubai nyuma ya gari, nikavivaa juu ya sikio tupu, mtandio juu yake, helmeti mwisho. Hakuna kinachogombana na kingine. Nikajitazama kwenye kioo cha gari — nyati wa shamba la mpunga!

Mzee Deris: "Mashavu yako yamehamia masikioni!"

Acha waseme. Mashine nilikuwa nikiisikia kama iko kijiji cha pili. Joto lipo, sisemi uongo, ila mtandio wa pamba unanyonya jasho. Wa satini nimeuweka kando.

Lakini mchana niliogopa. Lori la magogo limepita nyuma yangu sikulisikia, nimeshtuka upepo wake uliponisukuma. Rokiah alinidaka mkono.  Akanitukana, akanikumbatia, akanitukana tena. Kuanzia kesho tunafyeka tukilindana, mgongo wa mmoja machoni mwa mwenzake, na Bwana Fauzan anatupa mtu wa bendera. Kinga ikikuziba kupita kiasi nayo ni hatari — hili nisilisahau.

Ijumaa, 13 Februari

Hakupiga. Labda wako nje ya bandari. Labda amenuna, sijamjibu ujumbe. Nimekaa na simu mapajani mpaka adhana ya Isha.

Nimemsikia mjusi wa ukutani. Tok-ke! Tok-ke! Kumbe bado yumo! Nilidhani amehama.

Jumatano, 18 Februari

Kesho mfungo. Rokiah ameniletea tende. Ameuliza Abang anarudi lini. Nikasema sijui. Akashika mkono wangu. Nyenje wa kulia amenyamaza tangu juzi. Wa kushoto yupo. Nadhani huyo amekuja kukaa.

Ijumaa, 20 Februari

Amepiga nikiwa bado natafuna tende ya futari. Nimeweka simu sikio la kulia.

"Biah? Umefuturu?"

Yote! Nimeisikia yote. Sauti ile ile ya kuongea na paka. Nikalia, sikuweza kujizuia.

"Unalia nini? Biah?"

Nikamwambia. Ile Ijumaa sikukusikia, Abang. Mashine imeniharibu masikio. Nilisema ndiyo bila kujua ndiyo ya nini.

Kimya. Na safari hii nilijua ni kimya chake, si uziwi wangu, maana nilisikia injini chini yake na mtu akikohoa mbali.

"Ulikuwa hunisikii," akasema. "Nami nikalala wiki mbili nikidhani umezoea kutokuwepo kwangu."

"Nani kakuambia mtu huzoea hilo?"

"Ungesikia, ungesemaje?"

"Ningesema rudi."

Akavuta pumzi. Akasema nafasi yake ilikuwa itolewe kwa mwingine, yeye ndiye aliyeomba abaki baada ya mimi kukubali. Huenda huyo mwingine kashapewa meli nyingine, huenda bado. Kapteni yuko juu anafuturu. Akasema: "Usikate. Ngoja nimwulize."

Amekwenda. Simu yake ameiacha juu ya kitu cha bati, nasikia kikitetemeka. Nami yangu nimeibana begani, naandika nikimngoja. Akisema acha kufyeka, nitamwambia hapana, nimepata vikinga ninavyoviweza. Akisema harudi —

Nasikia sahani. Kicheko, cha nani? Nasikia mlango wa chuma. Sasa nyayo, anashuka ngazi. Taratibu. Mwenye habari njema hashuki taratibu. Au amechoka tu, mtu amefunga.

Ameshika simu.

"Biah," anasema, "unanisikia?"

Nakusikia, Abang. Sema.