Vitabu Nilivyovitoa Nyuma ya Kalenda

Jumatatu, 4 Novemba 2019

Mvua. Wateja sita mpaka saa saba mchana, na wawili kati yao walikuja kujikinga tu.

Sjoukje kaikagua rafu ya nyuma. Duka ni lake, ana haki. "Hiske, tangu Agosti umeuza vitatu. Vitatu! Na kimoja ulikinunua mwenyewe." Kweli tupu. Rafu ya riwaya za watu kama mimi na Renske wangu, wanawake wanaopendana, wanaume wanaopendana. Ina utepe wa upinde wa mvua, iko mwisho kabisa, nyuma ya kalenda na kadi za rambirambi. Mtu akiiendea, mji mzima wa Harlingen unamwona kupitia dirisha. Nani atakwenda?

Sjoukje anataka kuweka michezo ya watoto hapo kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, watoto wanapopewa zawadi.

Nilitaka kumwambia tatizo si vitabu, ni mahali. Neno la kwanza likanasa. T-t-t— Akasubiri. Yeye husubiri siku zote, miaka tisa sasa. Mwisho nikachukua karatasi nikaandika: Nipe wiki mbili.

Akasema haya, wiki mbili. Siyo tatu.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeibomoa!

Za upelelezi zimekwenda kwa wapelelezi. Za siku hizi, kwa za siku hizi. Na zile za kihistoria — kumi na tisa — nimezichomeka katikati ya manahodha na malkia, palepale wanaposimama wazee wa mji huu na miwani puani. Chini ya kila kitabu, kadi yenye mwandiko wangu. Kwenye karatasi sina kigugumizi.

Kadi ninayoipenda kuliko zote ni ya "Moto wa Wapika Chumvi":

Harlingen, 1763. Tjaard anapika chumvi bandarini. Aafke ni mkewe. Jina la ubatizo la Tjaard ni Trijn, jina la kike, na Aafke ndiye pekee anayelijua. Usikianze kama kesho una kazi.

Renske alirudi na feri ya kisiwa cha Terschelling ananuka dizeli. Siku nzima anapanga magari melini. Nikamwonyesha picha za rafu. Akatabasamu. Akauliza: kwani tunajificha tena? Utepe ule tuliupigania.

Badala ya kujibu nikampashia chakula. Na safari hii si kigugumizi.

Alhamisi, 7 Novemba

Siku mbaya. Niiandike haraka iishe.

Kaja Mwalimu Fokkema. Alifundisha historia nusu ya mji huu, mimi nikiwemo. Kila majira ya baridi mji unachagua riwaya moja, isomwe na vikundi vyote vya wasomaji, nyumba za wazee, hata kwenye feri. Watu wanasimama ukumbini, dakika tano kila mmoja, wanasifia kitabu chao, ukumbi unapiga kura. Mwalimu kashinda miaka minne mfululizo. Maadmirali. Maboma ya bahari. Maadmirali tena.

Akaisoma kadi yangu akiwa amesimama. Akaisoma mara ya pili. Akasema kwa sauti ya darasani, duka lote likasikia: "Binti, watu hawa hawakuwepo enzi zile. Haya ni mambo ya leo mnayavisha nguo za zamani."

Mimi nina miaka hamsini na moja. Binti!

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa tayari mdomoni, zuri kabisa. Likakwama. Uso ukawaka moto, mdomo wazi kama samaki, na watu wakaanza kutazama viatu vyao. Mwalimu alingoja kidogo, akanigonga bega kwa upole — upole! — akaenda zake.

Nimelia stoo, kati ya maboksi.

Jumamosi, 9 Novemba

Bi Baukje! Mungu ambariki Bi Baukje!

Ana miaka themanini na moja, mjane wa rubani wa meli bandarini. Husoma riwaya zenye malkia tu. Jumatano alichukua "Moto" kwa sababu ya neno Harlingen. Leo kaingia na mwavuli umegeuka ndani nje.

"Wewe mtoto umeniharibia supu. Njegere zimeungua chini, sufuria nimeitupa."

Nikamwandikia: Ulikipenda?

"Kupenda? Nimelia kama mjinga. Pale Aafke anapomkata nywele kila Jumamosi, anaziokota sakafuni na kuzichoma asije jirani akaziona… Nilimkata nywele mume wangu Sietse miaka arobaini na minne."

Sjoukje akauliza taratibu kama hakushtuka kwamba ni wanawake wawili. Bi Baukje akamtazama kama amemuuliza kama mvua inalowesha. "Ni mtu na mkewe, wana siri. Nani hana? Haya, nipeni kingine. Safari hii wawe wanaume, nilinganishe."

Nimempa kile cha mabaharia wanaovua samaki wa sill, 1790. Sjoukje kacheka mpaka akakaa chini.

Mpaka jioni "Moto" nakala tano zimeondoka. Bi Baukje ana dada wengi.

Nimemweleza Renske. Polepole, maneno yote, yeye ananitazama tu. Nilimwambia hatujifichi. Mwanzo tulikuwa chumba cha nyuma, sasa tumekaa mezani na wengine. Akafikiri. "Lakini utepe ubaki," akasema. Nimekubali. Kesho kutwa naubandika kwenye mlango wa mbele.

Jumatano, 13 Novemba

Sjoukje kaandikisha duka kwenye shindano la Jumapili. Kitabu: "Moto wa Wapika Chumvi." Msemaji: nafasi tupu.

Nikamwandikia: Wewe unaongea vizuri.

Akaisukuma karatasi. "Kitabu ni chako, maneno ni yako. Mimi si kasuku wako, Hiske."

Sijalala vizuri. Nikikaa kimya, Mwalimu atashinda mara ya tano, na Trijn na Aafke watabaki hawakuwepo. Hawakuwepo! Mwandishi amewatoa kwenye mashauri ya mahakama, anaeleza mwenyewe mwishoni mwa kitabu.

Nimejaza jina langu. Kwa wino.

Jumapili, 17 Novemba

Saa kumi na mbili na nusu.  Renske yuko jikoni anaimba. Niandike yote, nisisahau hata kidogo.

Jumba la zamani la mizani, ndiyo ukumbi wetu, lilijaa saa nane kamili. Viti havikutosha, watu wamekaa madirishani. Kahawa, keki ya rangi ya waridi, makoti yenye maji. Wasemaji wanne. Mwalimu wa tatu, mimi wa mwisho.

Mwalimu aliongea kama anavyoongea siku zote, vizuri sana, jamani. Admirali mwingine. Alitumia dakika nne tu, akakaa. Makofi.

Nikapanda. Kadi mkononi. Macho yote.

Nikasema — ilichukua muda — "Nina k-k-kigugumizi. Dakika zenu tano kwangu ni mbili. Nivumilieni."

Wakacheka. Kicheko kizuri, cha kunisogezea kiti. 

Nikaiweka kadi mfukoni. Nikawaambia habari za Trijn. Jina lenyewe lilinisumbua, T ni adui yangu wa zamani, lakini nililisubiri mpaka likatoka. Nikawaambia moto wa chumvi hauzimwi usiku wala mchana, na mtu anayeuchochea hana nafasi ya kuvua shati. Nikawaambia nywele za Jumamosi. Bi Baukje mstari wa pili alishatoa leso. Nikafika siku jirani anapogonga mlango pamoja na askari wa mji, na Aafke anaulizwa: mumeo ni nani? Na anajibu—

Kengele! Muda umekwisha.

Mdomo wazi. Neno hewani. Nikajua nimeshindwa.

Wakaanza kupiga kelele: mwache amalize! Mwenyekiti anatikisa kichwa, sheria ni sheria. Hapo Mwalimu Fokkema akasimama. Taratibu, na fimbo yake. Ukumbi ukanyamaza kama darasa.

"Nimebakisha dakika moja," akasema. "Mpeni yeye." Halafu akanigeukia: "Ila kitabu chako bado ni uongo, binti. Watu hao hawakuwepo."

Dakika moja.

Sikurudi kwa Aafke. Nilimtazama yeye tu. Na sijui ilitoka wapi, lakini ilitoka nzima, bila kukwama hata mahali pamoja:

"Walikuwepo, Mwalimu. Tunawajua kwa sababu waliowafunga waliwaandika. Jina, umri, kazi, na nani alilala upande gani wa kitanda. Hakimu aliandika yote isipokuwa kwamba walipendana. Hilo tu ndilo mwandishi ameongeza."



"Na Aafke alijibu nini?" Bi Baukje akauliza kwa sauti, hakujizuia, wakati alishakisoma!

"K-k-kisomeni," nikasema.

Ukumbi ulilipuka. Kweli, ulilipuka! Watu wanakanyaga mbao kwa miguu, vikombe vinaruka. Kura: Mwalimu sabini na moja. Mimi themanini na nane. Sjoukje alinikumbatia miwani ikavunjika. Renske alisimama juu ya kiti na buti za kazi, akipiga mluzi wa vidole viwili, ule wa kuongozea malori.

Mwalimu alikuwa ameondoka. Nilimtafuta mlangoni. Nilitaka kumshukuru kwa ile dakika.

Jumanne, 19 Novemba

"Moto" umekwisha dukani. Tumeagiza sitini. Michezo ya watoto itakaa dirishani.

Kadi imeibwa! Mtu kachukua kadi yangu. Nimeandika nyingine.

Jumamosi, 23 Novemba

Naandika hapa kaunta, chini ya daftari la oda, Sjoukje asinione.

Saa tatu tumefungua, na wa kwanza ni Mwalimu Fokkema. Ana "Moto" kwapani. Vipande vya karatasi vimechomoza kila upande kama nungunungu. Ameuweka mbele yangu. Ukurasa wa 40, masufuria ya chumvi yalikuwa ya mraba, si ya duara. Ukurasa wa 112, meli hiyo ilishazama miaka miwili kabla. Makosa kumi na manne, kayaandika yote, na tarehe. Nikamuuliza m-m-mashauri ya mahakama je? Akasema alikwenda mji wa Leeuwarden Alhamisi, kwenye hifadhi ya nyaraka za kale. Akavua kofia. Akaigeuzageuza.

"Kurasa hizo nilizipita mara ngapi," akasema. "Miaka thelathini naenda kule. Nilikuwa natafuta meli."

 

Sasa yuko kwenye rafu ya kihistoria, mgongo kwangu. Koti kavua. Anazisoma kadi zangu, moja baada ya moja, na katoa kile cha mabaharia wa sill, amekishika dakika kumi. Mlango umelia. Wameingia mtu na mkewe, wageni wa mji, wanatafuta zawadi ya baba wa mke. Anapenda historia, wanasema, mambo ya bahari. Mimi naangalia chini naandika. Hawakuja kaunta. Wamemwendea yeye, kwa sababu anaonekana mtu anayejua.

"Samahani, mzee. Hicho ulichoshika, ni kizuri?"

Mwalimu anakitazama kitabu. Ananitazama mimi. Amefungua mdomo, na neno halijatoka bado —