Kigoda Juu ya Mchunga

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imenifika. Huku Haneti tu wazima, na yule mbuzi wako kazaa mapacha.

Unasema Jumamosi mumeo anamwaga zege uani, juu ya mchunga niliokupa, ile mboga chungu ya majani, kwa kuwa umekauka. Unauliza ufanyeje.

Nilipokuwa msichana, baba yangu naye alitaka kuchimbua mchunga wa mama ajenge zizi. "Huu umeshakufa!" Mama alijua kiangazi hukausha majani tu, mizizi inabaki hai. Hakubishana. Alileta kigoda, akaketi pale pale, akaanza kumenya karanga za mbegu. Baba akainua jembe. Mama hakuinua hata macho. Mwishowe baba akalitupa jembe, akaondoka.

Mvua zilipoanza, shamba likiwa bado tupu, mchunga ukachipua. Mama akaupika, na maji yake machungu akamnywesha mdogo wangu aliyeumwa tumbo. Baba alikula, kisha akasogeza bakuli aongezewe.

Kigoda kile ninacho. Nimemkabidhi kondakta wa basi la Ijumaa. Nenda kakipokee stendi.

Bibi yako